Waliojua Kila Kitu na Majina Yao Hayakuandikwa

Kwenye Out of the Past, sinema ya mwaka 1947, kuna mpelelezi wa kukodiwa aitwaye Jeff anayetumwa kumsaka mwanamke. Mwanamke huyo, Kathie, amempiga risasi bwana wake, tajiri wa kamari, na kutoroka na dola 40,000 zake. Jeff ni Robert Mitchum na koti lake la mvua. Haendi polisi wala hazunguki kwa rafiki za Kathie. Anaingia klabu moja ya usiku ya Wamarekani Weusi, tarumbeta inalia, anaketi meza moja na Eunice, aliyekuwa dada wa kazi wa Kathie.

Mtazame Eunice vizuri, maana hamkai naye sana. Hayuko kazini. Kavaa akapendeza, kofia kichwani, bwana wake kando. Anajibu maswali kwa upole wa mtu asiyemwogopa anayemuuliza. Bibi kaenda Florida, anasema, na mizigo mingi. Kisha katikati ya maongezi inatajwa chanjo, na mkono ulivyomuuma Kathie baada ya kuchomwa sindano. Jeff anapiga hesabu: mtu hachanjwi kwenda Florida, ila kwenda Meksiko anachanjwa. Anaaga, anaondoka. Yote yanayofuata, Acapulco, mapenzi ya ufukweni, usaliti, maiti kadhaa, yanatokana na mkono ule ulioumia na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba siku ulipoumia. Eunice hatumwoni tena.

Aliyeigiza ni Theresa Harris, mzaliwa wa Houston. Miaka 14 kabla ya hapo, kwenye Baby Face ya 1933, aliigiza rafiki wa Barbara Stanwyck: wanadandia treni ya mizigo pamoja, wanafika jijini pamoja. Mwaka 1947 jina lake halimo hata kwenye orodha ya waigizaji inayopita mwanzoni. Muhusika mwenye ufunguo wa hadithi nzima hakuandikwa.

Yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye dada wa kazi, Dar au Nairobi, haelezwi hesabu ya Jeff. Dada anajua baba alirudi saa ngapi, mama alilia kwa nini, na begi gani halipo kabatini. Wageni wanaongea mbele yake kama wanaongea mbele ya friji. Ukitaka siri ya nyumba, huulizi wenye nyumba. Watunzi wa sinema za noir walilijua hilo barabara, na tangu niligundue nimeshindwa kuziangalia sinema hizi kama zamani. Steringi akizungumza katikati ya picha, macho yangu yako pembeni: kwa anayefungua mlango, anayeosha gari, anayebeba mabegi, anayepiga piano. Kwa sababu kwa kawaida ndiye anayejua.

Tuseme noir ni nini kwa wasiozijua. Ni sinema za uhalifu za Marekani, hasa za kati ya 1941 na 1958 hivi: vivuli virefu, mapazia yanayokata mwanga vipande vipande, mwanamume anayejidanganya, mwanamke anayemzidi akili, pesa isiyomfaidi yeyote. Jina walilipa Wafaransa mwaka 1946, baada ya vita, sinema za Hollywood zilipofika Paris kwa mkupuo. Zilipigwa Los Angeles, New York na San Francisco, miji ambayo miaka hiyohiyo ilikuwa ikipokea watu weusi kwa maelfu kutoka majimbo ya kusini, waliofuata kazi za viwanda vya vita. Kwa maneno mengine, mitaa iliyopigwa picha ilikuwa na watu hawa tele. Kuwafanya wawe wachache kwenye skrini kulihitaji kazi.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Studio zilikuwa zimejifunga kwa kanuni za maadili zilizoandikwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 na ofisi ya Joseph Breen. Kila mswada ulipita mezani kwake. Miongoni mwa yaliyopigwa marufuku ni mapenzi kati ya mzungu na mtu mweusi, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1956. Fikiria maana yake kwa noir, aina ya sinema ambayo injini yake ni tamaa. Mtu asiyeruhusiwa kutamani wala kutamaniwa na steringi hawezi kuwa adui wa maana, wala mpenzi, wala msaliti. Anabakiwa na trei.

Halafu kulikuwa na majimbo ya kusini na wakaguzi wao. Pale Memphis alikuwepo mzee mmoja, Lloyd Binford, mwenyekiti wa bodi ya ukaguzi wa sinema, aliyesifika kwa mkasi. Mwaka 1947 alikataa sinema moja ya vichekesho kwa sababu tu ilionyesha watoto weusi na weupe darasa moja. Studio hazikutaka kupoteza mapato ya kusini, kwa hiyo zikajifunza kuwaweka wasanii weusi kwenye vipande vinavyoweza kukatwa bila hadithi kupasuka: wimbo mmoja klabuni, kisha tunaendelea. Ndiyo maana noir ina klabu nyingi za jazi zenye waimbaji wazuri ajabu ambao hakuna anayewasemesha. Nat King Cole yumo kwenye The Blue Gardenia ya 1953. Anakaa kwenye piano, anaimba vizuri kuliko sinema yenyewe ilivyo nzuri, basi. Ila Eunice hakatiki. Ukimkata Eunice, Jeff hajui aende wapi. Nadhani ndiyo sababu nampenda.

Charlie wa Double Indemnity naye hakatiki, ingawa kwa namna ya kukera zaidi. Walter Neff, wakala wa bima, anakwenda kumuua mume wa mteja wake, na anahitaji mtu wa kusema kwamba jioni hiyo Neff alikuwa kwake. Anashuka gereji ya jengo analoishi, anamwambia Charlie amwoshee gari. Ndiyo njama yenyewe hiyo: mtu mweusi aliyeinama na sponji atamkumbuka. Neff anateremkia ngazi za dharura, anaua, anarudi, kisha anashuka tena gereji ili Charlie amwone. Mara mbili katika usiku mmoja maisha ya Neff yako mikononi mwa mwosha magari, na Billy Wilder, mkimbizi wa Kiyahudi aliyewatoroka Manazi, haelekei kuliona hilo kuwa jambo. Aliyeigiza Charlie ni Sam McDaniel, kaka yake Hattie McDaniel. Hattie ndiye mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, na usiku wa kupewa, Februari 1940, alikalishwa meza ya pekee ukutani, mbali na wenzake wa Gone with the Wind, sinema iliyompa tuzo hiyo.

Nisiwe kama nawaonea wazee hawa waliotunga noir. Wengi wao walikuwa wakimbizi, Wayahudi, wakomunisti au waliowahi kuwa, watu waliojua kutengwa ni nini. Na Wayahudi wenyewe walionekana kwa tabu. Crossfire ya 1947 ni kisa cha mwanajeshi anayemuua Myahudi kwa chuki tu. Riwaya iliyotangulia, iliyoandikwa na Richard Brooks, ilimfanya marehemu kuwa shoga. Kanuni za Breen hazikuruhusu shoga atajwe hata akiwa maiti, basi chuki ikahamishwa kutoka kundi moja kwenda jingine, na sinema ikasifiwa kwa ujasiri. Anayeigiza muuaji ni Robert Ryan. Mkumbuke.

Ryan huyohuyo mwaka 1949 ni Stoker Thompson kwenye The Set-Up, bondia aliyezeeka anayeingia ulingoni bila kujua meneja wake ameshauza pambano. Sinema tamu, inakwenda na saa, dakika ya sinema ni dakika ya ukutani. Chanzo chake ni shairi refu la Joseph Moncure March la mwaka 1928, na kwenye shairi bondia yule, Pansy Jones, ni mweusi. Weusi wake ndiyo sababu ya kudhulumiwa nafasi maisha yake yote. Studio ya RKO ikamnunua Pansy Jones, ikamvua ngozi, ikabaki na ngumi. Mweusi aliyebaki kwenye sinema ni bondia wa chumba cha kubadilishia nguo, kijana aliyejaa matumaini anayepigana pambano lake kabla ya Stoker. Anaigizwa na James Edwards, na kila akiwa kwenye picha unajiuliza kwa nini kamera inaondoka kwake.

James Edwards alikuwa na sura ya steringi. Mwaka huohuo wa 1949 alibeba Home of the Brave, sinema ya vita kuhusu askari mweusi aliyepooza kwa ubaguzi kuliko kwa risasi. Angekuwa mzungu, ningekuwa naandika makala kuhusu sinema zake 20. Badala yake tunampata mwaka 1956 kwenye The Killing ya Stanley Kubrick akilinda maegesho ya magari kwenye uwanja wa mbio za farasi. Kipande chake ni kifupi na nimekirudia mara nyingi kuliko kingine chochote ndani ya sinema ile.

Nikki, mdunguaji wa genge linalotaka kuiba fedha za uwanja huo, anahitaji kuegesha gari mahali pa kumlenga farasi. Mlinzi anakataa: sehemu ile imefungwa. Nikki anajifanya kilema wa vita, anachangamka, anampa pesa, anaongea naye kama mtu na mtu. Mlinzi analainika. Si kwa pesa peke yake. Unamwona usoni jinsi alivyoshangaa kusemeshwa kwa heshima. Baadaye anarudi, anamletea programu ya mbio, anarudi tena na kiatu cha farasi kama zawadi ya bahati. Lakini muda umefika na Nikki anataka awe peke yake. Njia ya haraka ya kumfukuza ni neno lile moja ambalo wazungu wa Marekani wamelitumia kwa karne kadhaa, na analitumia. Uso wa Edwards unafungwa kama duka. Anakitupa kiatu chini, anaondoka. Nikki anampiga farasi risasi, anarudisha gari nyuma kwa kasi, tairi inapanda kile kiatu, inapasuka, na askari wanamwahi.

Kubrick hasemi kitu juu yake. Hakuna hotuba. Mpango mzima wa wizi umepangwa kama saa na kila mtu ana dakika yake, na kinachomwua Nikki ni kumtukana mtu ambaye hakuwamo kwenye hesabu.

Kwa Wamexico na Waasia mambo yalikwenda vingine kidogo, yaani waliruhusiwa kuwa na majina, mradi aghalabu mzungu ayavae. Charlton Heston kapakwa rangi ya kahawia na kubandikwa masharubu kwenye Touch of Evil ya 1958, eti ni mwendesha mashtaka wa Meksiko. Sinema ni kubwa, Orson Welles ni fundi, na yale masharubu bado yananichekesha. Wakati huohuo Rita Hayworth, aliyezaliwa Margarita Cansino, alipakwa nywele rangi na kung'olewa nywele za paji la uso kwa umeme ili asifanane na baba yake Mhispania. Hapo ndipo akawa Gilda, mwanamke wa sinema yenye jina hilo. Ricardo Montalban, Mmexico wa kweli, alipata nafasi mbili nzuri za polisi mwaka 1949 na 1950. Na Samuel Fuller mwaka 1959, kwenye The Crimson Kimono, alimpa James Shigeta nafasi ya mpelelezi Mjapani-Mmarekani wa Los Angeles ambaye, ajabu ya maajabu, ndiye anayempata msichana mzungu na sio rafiki yake mzungu. Marufuku ilikuwa imeondoka miaka 3 tu.

Mwasia niliyetaka kumfikia hasa hakuwahi kukaa mbele ya kamera. James Wong Howe alizaliwa Guangdong, China, mwaka 1899, akaletwa Marekani akiwa na umri wa miaka 5. Akawa mmoja wa wapigapicha wakubwa wa Hollywood, huku sheria ikimkataza kuwa raia mpaka mwaka 1943, Wachina walipofunguliwa mlango. Mwaka 1937 alifunga ndoa Paris na mwandishi Sanora Babb, mzungu. California haikuitambua ndoa hiyo. Mahakama Kuu ya jimbo iliitupa sheria ile mwaka 1948, na mwaka uliofuata wakafunga upya, nyumbani. Yaani mtu aliyepiga picha za mapenzi ya watu wengine kwa miaka yote ile, yake mwenyewe yalikuwa haramu kisheria mjini humohumo.

Howe ndiye aliyepiga Body and Soul ya 1947. Kwenye pambano la mwisho alivaa viatu vya magurudumu, akashika kamera mkononi, akasukumwa kuzunguka ulingo. Unaona matokeo: picha inayumba, jasho linaruka, hujui kona iko wapi. Kabla yake ngumi zilitazamwa kwa mbali kama mtu aliyelipia kiti. Tangu yeye, uko ndani unapigwa.

Na ndani ya sinema hiyo yumo Canada Lee. Aliwahi kuwa bondia wa kweli, jicho likaharibika, akaingia jukwaani. Anaigiza Ben, bingwa mweusi mwenye damu iliyoganda kichwani. Wenye pesa wanajua anaumwa, wanamuuza kwa kijana mzungu Charlie, ambaye ni John Garfield, na Charlie anampiga bila kuambiwa. Baadaye Charlie anamchukua Ben kuwa mwalimu wake. Mpaka hapo unaweza kudhani ni hadithi ileile ya mweusi mwaminifu anayemlea mzungu. Sivyo. Ben ana hasira zake na ana neno lake, hampigii mtu magoti, na tajiri wa mapambano anapomfukuza na kumtupia pesa, Ben anazikataa. Kinachofuata, akiwa peke yake kwenye ulingo wa mazoezi, akipigana na watu wasiokuwapo mpaka kichwa kinamshinda, ni kifo cha mtu mkubwa, na sinema inakipa uzito wa kifo cha mtu mkubwa. Ukweli anaoutambua Charlie mwishoni ameurithi kwa Ben.

Mswada ni wa Abraham Polonsky, mwongozaji ni Robert Rossen, na ukisoma majina ya waliohusika ni kama unasoma orodha ya waliokuja kuandamwa. Kamati ya Bunge ya kuwasaka wakomunisti ilianza kuwahoji watu wa Hollywood mwaka huohuo. Polonsky alifungiwa, yaani studio zikakataa kumpa kazi. Garfield alifungiwa. Canada Lee kazi za redio na televisheni zilikauka. Moja kati ya chache alizopata ilikuwa ya Waingereza, Cry, the Beloved Country, iliyopigwa Afrika Kusini, ambako yeye na kijana Sidney Poitier iliwabidi waingizwe nchini kwa karatasi za vibarua wa mwongozaji. Lee alifariki tarehe 9 Mei 1952, miaka 45. Garfield akamfuata tarehe 21 mwezi huohuo, miaka 39.

Hili ndilo ninalolisikia likirukwa watu wanapozungumzia weupe wa noir. Husemwa kwamba zama zilikuwa hivyo, watu hawakujua. Waliojua walikuwepo. Walikuwa na mikataba, studio, majina kwenye mabango, na walianza kuandika watu weusi wenye roho kamili. Kisha, ndani ya miaka 5, karibu wote walikuwa wameondolewa kwa sababu nyingine kabisa, au iliyoitwa nyingine. Ukitaka kujua noir ingekuwaje, tazama walichoacha.

Garfield aliacha The Breaking Point ya 1950. Ni Harry, nahodha wa mashua ya kukodisha pwani ya California, madeni yamemfika shingoni. Mwenzake wa kazi ni Wesley, anayeigizwa na Juano Hernandez, Mpuertoriko mweusi mwenye sura ya utulivu iliyojaa uzito. Sinema haimtambulishi Wesley kama jambo la pekee. Wana kazi moja, watoto wao wanakwenda shule pamoja, wake zao wanajuana. Mwongozaji Michael Curtiz anaacha tu iwe hivyo, na kwa mwaka 1950 kuacha iwe hivyo ni kitendo. Harry anakubali kuwatorosha majambazi kwa mashua. Wesley anatokea bandarini wakati asiotakiwa kutokea. Wanampiga risasi, wanamtupa baharini.

Mwisho wake: Harry amerudi hoi, mkewe anamlilia, watu wamejaa gatini, gari la wagonjwa linaondoka naye, watu wanatawanyika. Kamera inapanda juu. Pale chini amebaki mtoto wa Wesley, peke yake, anageuka huku na huku akimtafuta baba yake. Hakuna aliyemwambia. Mtoto yule ni mwana wa Hernandez mwenyewe. Sinema nyingi za zama zile zingemsahau mtoto yule kwa sababu watu wote ndani ya hadithi wamemsahau. Curtiz anafanya kusahauliwa kwake ndiyo kuwe picha ya mwisho. Jina la Garfield liliingia kwenye orodha ya washukiwa mwaka uleule, studio ya Warner haikuipigia sinema debe, ikapita.

Poitier aliyeingia Afrika Kusini kama kibarua alikuwa ameshaanza. No Way Out ya 1950 ni sinema yake ya kwanza ya Hollywood: daktari kijana katika wodi ya wafungwa, mgonjwa jambazi anamfia mikononi, na kaka wa marehemu, mbaguzi wa kutisha, anadai kauawa. Familia inakataa maiti ipasuliwe. Daktari, ili tu uchunguzi ufanyike, anakwenda polisi kukiri kwamba ameua. Ujanja huo wa mswada siuchoki: mtu mweusi hana njia ya kuthibitisha kwamba hana hatia ila kwa kukubali hatia kwanza.

Miaka michache baadaye Poitier alikuja kupiga sinema Kenya, wakati hali ya hatari haijaondolewa bado: Something of Value ya 1957, akiwa Kimani, kijana Mgikuyu anayeingia msituni. Mwongozaji ni Richard Brooks, yuleyule wa riwaya iliyozaa Crossfire. Si noir na wala si sinema inayomuelewa Mgikuyu. Inaitazama nchi kutoka kwenye veranda ya mlowezi. Lakini Poitier, mbele ya Rock Hudson, anafanya uso wake useme yale ambayo mswada hautaki kuyasema, ufundi uleule wa Edwards kwenye maegesho.

Kisha unafika mwaka 1959, ambao kwetu Afrika Mashariki una kumbukumbu nyingine. Tom Mboya alikuwa anatafuta nauli za vijana wa Kenya waliopata nafasi vyuoni Marekani. Barua ya kuchangisha ilitiwa saini na watu watatu: mcheza besiboli Jackie Robinson, Sidney Poitier na Harry Belafonte. Septemba hiyo ndege ilitua New York na wanafunzi 81. Mwezi uliofuata hivi, Belafonte alitoa sinema aliyoigharamia kupitia kampuni yake mwenyewe, HarBel. Wengi wetu tunamjua kwa kuimba Malaika na Miriam Makeba. Ni wachache wanaomjua kwa Odds Against Tomorrow.

Mwongozaji: Robert Wise, yule wa The Set-Up. Mbaguzi: Robert Ryan, yule wa The Set-Up na Crossfire. Mswada: Abraham Polonsky, akiwa bado kafungiwa, kwa hiyo kwenye skrini likawekwa jina la mwandishi mweusi John O. Killens aliyekubali kumfichia. Jina la Polonsky lilirudishwa miaka ya 1990. Ni kama Belafonte alikusanya madeni yote ya miaka 10 iliyotangulia na kuwaita wahusika walipe.

Kisa ni wizi wa benki katika mji mdogo kaskazini mwa New York. Johnny, Belafonte, ni mwanamuziki wa klabu mwenye madeni ya kamari. Ndiyo, mwanamuziki wa klabu, yule ambaye sinema nyingine zingempa wimbo mmoja. Hapa tunatoka naye, tunamwona na binti yake, na mkewe waliyeachana, tunaona akitishwa kwa pesa. Mwenzake Slater, Ryan, hawezi kukaa naye gari moja bila kumtukana. Na wizi wenyewe unawezekana kwa sababu moja. Kila Alhamisi jioni, wafanyakazi wa benki wanapobaki kuhesabu fedha, mhudumu mweusi wa duka la jirani huwaletea kahawa na mikate mlango wa pembeni. Mlinzi anafungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa, anaona koti, trei na uso mweusi, basi, anafungua. Johnny anavaa koti, anabeba trei.

Ukiwa umetazama sinema hizi kwa miaka, unakaa sawa kwenye kiti. Jeff alikwenda kwa Eunice kwa sababu hakuna anayemficha kitu dada wa kazi. Neff alimtumia Charlie kwa sababu mwosha magari ni sehemu ya gereji. Hapa kwa mara ya kwanza ni mtu mweusi mwenyewe anayejua kwamba haonekani, na anakwenda kulipwa kwa hilo. Na mpango haushindwi kwa polisi. Unashindwa kwa sababu Slater hataki Johnny ashike funguo za gari la kutorokea. Funguo zinabaki na mwenzao wa tatu, mzee mmoja, mzee anapigwa risasi kichochoroni, na wawili hawa wanageuziana bastola.

Wanafukuzana hadi juu ya matangi ya mafuta, wanafyatuliana, matangi yanalipuka, na baadaye waokoaji hawawezi kujua maiti ipi ya mweupe na ipi ya mweusi. Wahakiki wengi wanakitaja kipande hicho kwanza. Mimi kinanichosha, ni mahubiri, tena yenye kibao cha barabarani kinachosema njia imeishia hapa, kama vile hatujaelewa. Kwangu sinema iliisha pale mlangoni, mlinzi alipochungulia kupitia upenyo wa mnyororo, akaiona trei, akaridhika.